Kompyuta Inayofunguka: Kwa Nini Tunaomba Vipuri Kabla ya Mashine Mpya

Mada iliyotolewa na Ofisi ya Maendeleo kwa wenyeviti na makatibu wa kamati za maendeleo za parokia, pamoja na wahisani waliotutembelea. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.



Tumepewa dakika arobaini tuzungumzie kompyuta. Tunajua kwamba mada ya namna hii huleta usingizi, hasa ikitolewa kwa maneno matupu. Kwa hiyo tumekuja na kompyuta yenyewe na bisibisi moja, na tutaifungua hapa mezani mbele yenu.

Kilichotusukuma kuomba nafasi hii ni barua. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, isipokuwa nyongeza ya muda yenye masharti yake. Tangu wakati huo barua za kuomba kompyuta mpya zimeongezeka ofisini kwetu, na nyingi zinafanana kama zimeandikwa na mkono mmoja: kompyuta zetu zimepitwa na wakati, haziwezi kupokea Windows 11, tunaomba wahisani watusaidie mpya. Barua hizo hazisemi uongo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai prosesa ya kizazi fulani kwenda mbele na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Chukueni ThinkPad aina ya T470 ya mwaka 2017, muiweke kando ya T480 ya mwaka 2018 yenye prosesa ya kizazi cha nane. Kwa nje ni kama ndugu mapacha. Moja inakubaliwa na nyingine inakataliwa, ingawa ile iliyokataliwa inawaka, inaandika, inachapisha, na kibodi yake haina hata herufi moja iliyofutika.

Swali letu kwa kamati na kwa wahisani ni hili: mashine nzima namna hiyo, ni nani ameamua kwamba imekufa?

Tuanze na kitu tunachokijua sote. Kila parokia hapa ina katekista mwenye baiskeli. Nyingine zina miaka ishirini. Ukiiuliza ile baiskeli historia yake utakuta tairi ni la juzi, mnyororo ni wa mwaka jana, tandiko limeshonwa na fundi viatu, na kilichobaki cha awali ni fremu tu. Hakuna katekista aliyewahi kuandika barua Ulaya kuomba baiskeli mpya kwa sababu spoku imekatika. Spoku zinauzwa gulioni, na fundi yuko chini ya mwembe. Cherehani za vikundi vya akina mama ni hivyo hivyo. Wala si kwamba vyombo hivyo haviharibiki. Vinaharibika sana, lakini vinaharibika kipande kimoja kimoja, na kila kipande kina mahali pa kupatikana na mtu wa kukifunga.

Kompyuta nayo huharibika kipande kimoja kimoja. Betri inachoka. Tundu la chaja linalegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa kila siku. Vumbi linajaa kwenye feni, na kwa barabara zetu za kiangazi hilo halikwepeki. Bawaba za kioo zinakatika, vitufe vinakwama. Ni mara chache sana mashine nzima hufa kwa siku moja. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi sasa watengenezaji wengi wamekuwa wakizifanya kompyuta mpakato, au laptopu kama tunavyoziita wengi, ziwe nyembamba zaidi na zaidi. Katika kuzikondesha, betri wameibandika kwa gundi, na kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita ramu, wameilehemu moja kwa moja kwenye bodi kuu. Baadhi wamelehemu hata hifadhi ya data. Kipande kimoja kikifa, kinazikwa pamoja na wenzake wazima.

Jambo hili halikutugusa kwa nadharia. Kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa, katika parokia ambayo hatutaitaja, kilipewa kompyuta ya namna hiyo, nzuri, nyepesi, mpya kabisa. Mtengenezaji wake hatumtaji pia, kwa kuwa wenye kutengeneza hivyo ni wengi. Mwaka wa tatu umeme ulirudi kwa kishindo usiku mmoja, na asubuhi mashine haikuwaka. Fundi aliifungua kwa shida akakuta hifadhi imelehemewa kwenye bodi iliyoungua. Kumbukumbu za mikopo za miezi kadhaa tangu nakala ya mwisho kufanywa zilikuwa mle ndani, na hapakuwa na njia ya kuzifikia. Sista mlezi wa kikundi alitumia majuma kadhaa akikusanya vitabu vya wanachama nyumba kwa nyumba, na hata hivyo wanawake wawili hawakukubaliana na mizania iliyopatikana. Mmoja hajarudi kikundini hadi leo. Wahisani wetu, tunapojaza kwenye taarifa neno "uendelevu", ni mama huyo tunayemfikiria.

Kompyuta iliyoko mezani

Sasa tazameni hii. Inaitwa Framework Laptop. Kampuni hiyo ilianzishwa Marekani na Nirav Patel, mhandisi aliyekuwa mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa kampuni ya Oculus, na kompyuta yake ya kwanza ilianza kuwafikia wanunuzi Julai 2021. Nia yake ilikuwa moja: kutengeneza kompyuta nyembamba ya kisasa ambayo mwenye nayo anaweza kuifungua na kubadilisha kila kitu. Mwaka huo huo wataalamu wa iFixit, ambao kazi yao ni kufungua vifaa na kupima kama vinatengenezeka, waliipa alama 10 kati ya 10.

Chini kuna skrubu tano. Bisibisi yake huja ndani ya boksi pamoja na mashine. Tunazilegeza, tazameni, hazianguki, zimeshikiliwa humo humo ili zisipotee. Tunageuza, tunainua jalada lenye kibodi, ambalo limekaa kwa sumaku, tunachomoa utepe huu mmoja wa waya taratibu, na sasa mnaona kila kitu. Betri ile pale. Kumbukumbu ziko mbili, zinachomeka na kuchomoka. Diski ni hii, upana wa kidole gumba na urefu wa kidole cha shahada, imeshikiliwa na skrubu moja. Bodi ikiungua kesho, tunaitoa diski hii, tunaichomeka kwenye mashine nyingine, na hesabu za kikundi zinasomeka. Kila kipande kina alama ya kupiga picha kwa simu, na simu inakupeleka kwenye maelekezo yake ya kukibadilisha.

Hapa pembeni kuna nafasi nne za vichomekeo. Ukihitaji tundu la kebo ya projekta unachomeka kipande cha projekta, ukihitaji la flashi unabadilisha. Tundu likilegea kwa matumizi, unatupa kipande kidogo kama kiberiti, huigusi bodi.

Lililotuvutia zaidi ni bodi kuu. Tangu mwaka 2021 kampuni imetoa bodi mpya takriban kila mwaka: za Intel mwaka 2022 na 2023, za AMD tangu 2023, na nyingine zilizofuata hadi zile za Ryzen AI za mwaka 2025. Zote zinaingia kwenye mwili ule ule wa 2021. Ni ile fremu ya baiskeli. Na bodi ya zamani ikitolewa haitupwi. Inaweza kuwaka peke yake bila kioo wala betri, ikafungwa kioo cha mezani na kuwa kompyuta ya darasani.

Hii ililetwa na familia moja ya wahisani wetu wa Ujerumani mwaka 2022. Mwaka wa pili chai ya maziwa ilimwagika juu ya kibodi, na aliyeimwaga tumekwisha kumsamehe. Jalada jipya liliagizwa Ujerumani, likaja ndani ya begi la mgeni, na kijana wa parokia aliyesoma VETA akalifunga kwa dakika zisizozidi ishirini. Mkipata ajali kama hiyo agizeni jalada zima. Ukitaka kibodi peke yake utakutana na skrubu ndogo ndogo nyingi mno, na uvumilivu wa Ayubu si wa kila fundi.

Hata hivyo hatukuja kuwauzia kompyuta. Ilipoanza, iliyokamilika iliuzwa dola 999 na ile ya kujifungia mwenyewe dola 749, bila kumbukumbu, diski wala programu endeshi. Kwa parokia nyingi hiyo ni bei ya kuezeka chumba. Ilianza kuuzwa Marekani na Kanada, baadaye Ulaya, kwa hiyo njia ya vipuri kufika huku hupitia kwa rafiki. Bodi za mwaka 2021 zilikuwa na betri ndogo ya saa ambayo, mashine ikikaa muda mrefu bila umeme, iliweza kuisha kabisa na mashine ikagoma kuwaka. Kampuni ilitoa njia ya kuirekebisha, lakini anayenunua ya mwaka huo kwa mkono wa pili aulize kwanza kama ilirekebishwa. Na bodi za AMD na za Intel za karibuni zinataka kumbukumbu za aina mpya, DDR5, kwa hiyo si kila kipande kinahama pamoja nawe.

Tumeileta kama kielelezo, ili kamati zijue cha kudai. Mashine nyingi za zamani za ofisini zinatimiza mengi ya haya. T480 tuliyoitaja ina betri ya nyuma inayotoka kwa kusukuma vishikizo viwili, nafasi mbili za kumbukumbu, na kitabu cha matengenezo ambacho kampuni ya Lenovo inakitoa bure. Kwa ThinkPad vipuri vipo Kariakoo, na mafundi wanaozijua wapo hata wilayani. Kampuni kubwa nazo zimeanza kurudi nyuma kidogo: mwaka 2024 Lenovo ilitoa T14 mpya iliyopewa alama 9 kati ya 10 na hao hao iFixit. Na katika Umoja wa Ulaya sheria ya betri ya mwaka 2023 inataka vifaa vinavyouzwa huko kuanzia tarehe 18 Februari 2027 viwe na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa. Ndugu zetu wa Ulaya, hilo litawarahisishia kazi.

Gundi isiyoonekana

Sasa turudi kwenye ile T470 iliyokataliwa. Yenyewe inafunguka vizuri. Kilichoifunga ni programu. Kwa hiyo skrubu pekee hazitoshi. Programu endeshi nayo iwe ya kufunguka.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa Kifini aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Iliungana na kazi ya GNU iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia jirani. Tunasisitiza hilo la kumgawia jirani. Ofisi nyingi, hata za Kanisa, zinatumia Windows iliyonakiliwa bila leseni, na kijana aliyeinakili hulipwa shilingi elfu chache na kushukuriwa. Amri ya saba haijaweka msamaha kwa programu. Kwa Linux tunaweza kugawana mchana kweupe.

Wala si kitu kigeni kwetu. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake yanayotumika sana, ilitoka Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Kuanzia 2005 hadi 2011 walituma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Mwaka huo huo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tumesahau mapema mno kwamba jambo hili liliwahi kufanyika nyumbani.

Kwa matumizi ya kila siku, makatibu wetu wanaandika barua na kupanga hesabu kwa LibreOffice. Zahanati zinazojaza takwimu kwenye DHIS2 hazina shida, kwa kuwa mfumo huo, uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, unafunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. WhatsApp ya kompyuta ni vivyo hivyo. Virusi vile vya flashi vinavyogeuza mafaili kuwa njia ya mkato, vilivyokuwa vikitula nusu ya kila Jumatatu, vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux havifanyi kazi. Mashine ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaweza kuwekewa toleo jepesi kama Xubuntu, na ikibadilishiwa diski ya zamani kwa ile isiyozunguka, SSD, mwenye nayo hudhani ameletewa nyingine. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, inapata masahihisho ya usalama bure kwa miaka mitano.

Matatizo yapo, na ni afadhali myasikie kwetu. Baadhi ya programu za uhasibu zimeandikwa kwa Windows tu. Parokia inayotegemea programu hiyo ibaki na mashine moja yenye leseni halali. Printa nyingi zinakubali, nyingine hazikubali, hasa zile zenye skana, kwa hiyo jaribuni kabla ya kununua. Kompyuta iliyofunikwa bila kuzimwa inaweza kula betri usiku kucha, kwa hiyo zimeni kabisa. Kuweka toleo jipya kunakula bando, ndiyo maana tunashauri kazi hiyo ifanyike hapa ofisini au kwenye makao ya dekania penye intaneti.

Tatizo moja liko mikononi mwenu wahisani, na tunaliomba kwa heshima. Violezo vya taarifa mnavyotutumia mara nyingi ni faili za Excel zenye macro ndani, na LibreOffice huzivuruga: jumla zinapotea, vitufe havibonyezeki. Kuna mhasibu wa parokia aliyesafiri kilomita tisini kwenda kuazima kompyuta yenye Excel ili ajaze taarifa ya robo mwaka. Nauli yake ilitoka kwenye fedha zenu. Tutumieni majedwali ya kawaida yasiyo na macro, nasi tutayajaza vizuri na kwa wakati.

Tunachoomba kifanyike

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na kwa mujibu wa ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika ni chini ya asilimia 1. Utamaduni wa kutupa uliokemewa na Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato Si' mwaka 2015 unaishia mahali fulani, na mahali hapo mara nyingi ni stoo ya parokia, nyuma ya viti vibovu.

Kuanzia robo ijayo, fomu yetu ya maombi ya vifaa itauliza mashine inayotakiwa inafunguliwa kwa skrubu au la, kama kumbukumbu na diski vinatoka, na betri yake inapatikana wapi. Ombi lisilo na majibu hayo tutalirudisha, hata kama limesainiwa na paroko. Asilimia 15 ya bajeti ya kompyuta itabaki kuwa ya vipuri na ya kumlipa fundi. Fundi alipwe, jamani. Tumezoea kumwambia Mungu atakulipa.

Wahisani wanaotoa kompyuta zilizotumika, karibuni sana, ila mkiweza mtuletee za aina moja. Kumi za aina moja zina thamani kwetu kuliko ishirini za aina ishirini, kwa kuwa ikifa moja inawalisha tisa vipuri vyake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu imepanda sana duniani, kwa hiyo hata mashine iliyokufa msiitupe kabla ya kuitoa kumbukumbu zake na kuzitia kwenye bahasha.

Kila parokia itachagua vijana wawili, mmoja wao awe msichana, kwa mafunzo ya siku tano hapa ofisini: siku mbili za kufungua na kufunga, tatu za Linux. Diski za zahanati na za vikundi zitafungwa kwa nywila, kwa sababu zina siri za watu, na nywila hiyo itakaa kwenye bahasha iliyolakiriwa ndani ya sefu ya paroko. Nakala ya data itafanywa kila Ijumaa kwenye diski ya nje isiyolala chumba kimoja na kompyuta.

Fundi wetu atakuwa kwenye veranda hadi saa kumi. Wenye mashine mlizokuja nazo mpelekeeni azitazame. Mwenye kompyuta ambayo sehemu ya chini imetuna au kibodi imenyanyuka katikati, hiyo ni betri iliyovimba: usiichaji, usiibonyeze, na usiirudishe kwenye begi. Iache hapo mezani, mwite yeye aje.